Sevisi ya AC za ofisi usiku na wikiendi, nyie mnafanyaje? Yaliyotukuta Posta

Bint Kisutu

Habari zenu wakuu, poleni na joto. Naomba mawazo ya mafundi na wale wanaosimamia maofisi maana hili jambo limenitesa mwezi mzima sasa na macho yote yapo kwangu.

Nipo ofisi moja hapa Posta, Dar, ghorofa ya nne, mimi ndo nasimamia utawala, yani chai, maji ya kunywa, wino wa printa, fundi bomba, vyote vinapita mlango wangu. Tuna AC kumi na moja za ukutani, nane za ofisini, mbili chumba cha mikutano na moja chumba cha seva. Zamani fundi alikuwa anakuja mchana watu wakiwa kazini, basi ni vurugu, ngazi inasimamishwa katikati ya meza, maji meusi yanachuruzika kwenye nailoni, wahasibu wanahama wamekumbatia mafaili yao na wateja wamekaa wanajipepea na bahasha. Watu wakalalamika mpaka likafika kwenye kikao, ikaamuliwa sevisi zote zifanyike baada ya saa za kazi. Nikapanga Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

Siku yenyewe fundi na msaidizi wake wamefika saa mbili kasoro sababu ya foleni, mlinzi wa chini hana taarifa nao akawazuia, nikashuka mwenyewe kuwachukua. Tumepanda, mashine za nje zote zipo paani, mlango wa paa una kufuli na funguo anayo msimamizi wa jengo ambaye ameshaenda kwake Mbagala. Fundi akasema basi leo tuoshe za ndani, za nje tutarudi. Wakaosha kwa jeti zote kumi, ya seva wakaiacha. Saa tano usiku nikawasainia karatasi ya kazi, nimechoka sijiwezi, sijaangalia kitu, kichwani nilikuwa nawaza usafiri wa kurudi Kimara tu.

Jumatatu saa nne asubuhi AC ya wahasibu inatiririka maji, sio kudondoka, inatiririka, chini yake kuna boksi la risiti za mwezi mzima. Nimezitandaza risiti moja moja kwenye meza ya mikutano nikaziwashia feni, zile za mashine wino umefutika hazisomeki na wakaguzi wanazitaka. Ilipofika saa saba mchana AC mbili nyingine zikawa zinapuliza upepo tu hazina baridi. Nampigia fundi anasema dada Ijumaa si ulikuwepo, zote zilikuwa zinapiga baridi. Na kweli zilikuwa zinapiga, nilisimama chini yake mwenyewe.

Sasa tumekosea wapi? Usiku sio muda wa hii kazi au ni fundi? Na anadai nyongeza ya usiku, ni haki yake?

Fundi Gesi Temeke

Pole sana dada yangu. Hii kazi nipo nayo mwaka wa kumi na nne, nimetokea VETA Chang'ombe, hilo lililokukuta nimeliona maofisi mengi.

Tuanze na maji. Ukipiga jeti kwenye koili ya ndani, uchafu wote uliokuwa umeganda kwenye yale mapezi unashuka kwenye trei, ni utelezi fulani mweusi kama mlenda uliochacha, unaenda kukaa kwenye mdomo wa bomba la dreni, lile la kutolea maji nje. Usiku huwezi kuliona tatizo maana AC imewashwa dakika ishirini, ofisi tupu, milango imefungwa, maji yanayotengenezwa ni kidogo. Jumatatu watu wameingia, mlango unafunguliwa kila dakika, unyevu wa Dar unaujua, AC ya 12,000 BTU peke yake inaweza kutoa lita moja kwa saa na zaidi. Trei ikijaa maji yanatafuta njia yake.

Dawa yake haina gharama. Ukimaliza kuosha chukua jagi la lita mbili, mimina taratibu kwenye trei, mtu mwingine akae kule bomba linapoishia ahesabu yanatoka au hayatoki. Yakitoka kwa kusuasua bado kuna uchafu, pulizia au vuta mpaka yatoke kwa kasi. Mimi sishuki kwenye ngazi kabla jagi halijaisha, na karatasi ya kazi haisainiwi kabla ya hapo, hata iwe saa sita usiku.

Baridi kupotea saa saba mchana nako kuna maelezo. Ameosha za ndani ameacha za nje. Koili ya nje ndo inayotupa joto la ofisini kwenda hewani, na hapo Posta chumvi ya bahari na vumbi vinashikana vinakuwa kama saruji kwenye mapezi. Usiku paa limepoa, hata koili chafu inaweza kutupa joto. Mchana bati na zege vinawaka, koili imeziba, presha inapanda, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inajikata yenyewe isiungue, ndani feni inaendelea kuzunguka ndo huo upepo mnaoupata. Kwahiyo Ijumaa hakukudanganya, zilikuwa zinapiga kweli, ila alikuwa anazijaribu muda ambao hauwezi kuonyesha ugonjwa.

Swali langu, hajarudi kuongeza gesi?

Bint Kisutu

Asante sana kaka umenifungua macho. Amerudi ndio, Jumatano saa mbili usiku, safari hii funguo ya paa niliiomba mapema. Ameosha za nje, akafunga geji ya kupimia presha kwenye zile mbili akasema gesi ipo chini, akaongeza. Sasa moja ni nzima ila nyingine mchana bado inajikata tena mara nyingi kuliko mwanzo.

Fundi Gesi Temeke

Ndo nilichokuwa nakiogopa. Dada, gesi ya AC sio kama mafuta ya gari kwamba inatumika inaisha. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, ikipungua ujue kuna leki, inatafutwa inazibwa kwanza. Fundi anayeongeza gesi kila sevisi anakuuzia gesi.

Alafu hiyo ya usiku sasa. Mashine ya gesi aina ya R22 tumezoea upande wa presha ya chini geji isome psi 65 mpaka 70 hivi, ya gesi ya R410A inakuwa 115 mpaka 130. Hizo namba zinaendana na joto lililopo, nje na ndani. Saa mbili usiku paa limepoa, ofisi haina mtu wala kompyuta iliyowaka, namba inashuka yenyewe na gesi ipo kamili. Fundi akiona 100 anafungua mtungi anaongeza mpaka ifike 125 moyo wake utulie. Kesho jua la saa saba likiwaka ile gesi imezidi, presha ya juu inapanda, inajikata. Na kama ni inveta ndo kabisa geji inadanganya, maana kompresa inabadilisha mwendo kufuata joto la chumba. Inveta tunatoa gesi yote kwenye mtungi wa kukusanyia, tunavuta vakyumu yani kutoa hewa yote kwenye mabomba, tunapima upya kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko pale ubavuni. Nenda kapige picha kile kibandiko uniambie ni gesi gani.

Kwa kifupi kuosha fanya usiku ukitaka, ila mambo ya gesi yafanyike jua likiwepo.

Mzee wa Lindo

Naomba na mimi niseme, japo sio fundi. Nimelinda usiku miaka sita jengo moja Kariakoo. Kuna siku mafundi wa AC walikuja saa tatu usiku, mkubwa wao akazima breka, ile swichi ya kukata umeme, kwenye boksi la ukumbini akapanda juu. Hakuniambia na hakuweka alama yoyote. Mimi napita na tochi yangu kwenye doria naona breka moja imeshuka, kazi yangu mimi ni kuhakikisha vitu vya ofisi vinawaka, basi nikaipandisha. Nikasikia ukelele kule juu. Kijana alikuwa ameingiza mkono kwenye feni ya nje, kidole cha shahada kilipasuka mpaka mfupa ukaonekana. Tukamfunga na shati langu tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Alipona, ila kile kidole hakikunji mpaka leo, tunasalimiana kila tukikutana pale mtaa wa Gerezani.

Wadogo zangu, mchana ukizima breka kuna watu hamsini wanajua AC imezimwa kwasababu wanasikia joto. Usiku hakuna anayejua. Fungeni kufuli kwenye boksi la breka, funguo mkae nayo mfukoni wewe unayepanda, na mwambieni mlinzi kwa mdomo, msimwachie barua. Na zamu ikibadilika saa sita, mlinzi mpya naye aambiwe.

Fundi Gesi Temeke

Mzee shikamoo, umeongea kitu kikubwa sana. Naongezea hapo hapo, hata breka ikiwa imezimwa kapasita ya nje, kile kifaa kinachotunza umeme, inabaki na umeme ndani. Tunasubiri dakika tano au zaidi, tunaimaliza nguvu kwa rezista, tunapima na mita ndo tunagusa. Usiku mtu anataka awahi gari la mwisho, anaruka hiyo dakika tano. Nimeshapigwa na kapasita juu ya ngazi, nilichoshukuru ni kwamba nilianguka upande wa ndani wa paa.

Kijana wa Seva

Dada Bint Kisutu mimi nimeshtuka hapo uliposema ya seva imeachwa. Hiyo ndo inayofanya kazi masaa 24, Jumapili na sikukuu, ndo inachakaa kuliko zote na nyie ndo mmeiruka. Ofisi nyingi hapa mjini zipo hivyo hivyo, kila mtu anaogopa kuizima basi haioshwi mpaka inakufa yenyewe.

Kiwango wanachopendekeza wataalamu wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya AC cha Marekani, kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 mpaka 27. Chumba kidogo AC ikizimwa kinapanda haraka sana. Kwahiyo kwanza muombe bosi AC ya pili, zifanye kazi kwa zamu, moja ikioshwa nyingine ipo. Hela ikiwa hakuna, siku ya kuosha fungua mlango, weka feni kubwa inayotoa joto nje, zima mashine ambazo hazina ulazima, na mtu akae na kipimajoto mkononi, ikifika 30 kazi inasimama AC inarudishwa. Huyo mtu asiwe fundi, awe wa kwenu wa mifumo.

Alafu msidhani usiku seva zimelala. Ofisi nyingi bakapu, yani kunakili data za akiba, zinaanza kujiendesha saa nne au saa sita usiku, ndo muda seva zinafanya kazi ngumu. Muulize kijana wenu bakapu ni saa ngapi kabla hujapanga tarehe.

Afisa Utumishi

Kwenye malipo nitasaidia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi na ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ukimfanyisha mtu kazi siku yake ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili.

Hiyo inamhusu mwajiriwa. Fundi wa nje sio mwajiriwa wako, yeye unakubaliana naye bei na uiandike kwenye LPO (hati ya oda) kabisa, kuosha mchana bei hii, usiku bei hii, ili msije mkagombana saa tano usiku kwenye ngazi. Lakini dada wewe mwenyewe uliyebaki mpaka saa tano ni mwajiriwa. Umeandika hizo saa? Na kama kuna mtu wa usafi aliyebaki kufuta maji meusi sakafuni, amelipwa? Kwenye ofisi nyingi fundi anadai anapewa kwasababu asipopewa haji, anayeumia ni mtu wa usafi anayeambiwa "baki kidogo" mpaka saa sita na nauli hana.

Bint Kisutu

Kaka swali lako limenigusa. Dada wa usafi alibaki, nilimpa elfu tano ya nauli kutoka mfukoni kwangu basi. Saa zangu mimi sijaandika. Kesho naandika zote, zangu na zake.

Ghorofa ya 12

Sisi tupo kwenye jengo la vioo, AC ni za pamoja, kuna chila, mashine kubwa ya kupoza jengo zima, huko chini na wenye jengo ndo wanaihudumia. Saa kumi na mbili jioni inazimwa, madirisha hayafunguki, mwisho wa mwezi tukifunga mahesabu tunaloa kama tupo uwanjani. Ukitaka iwake baada ya saa hizo unaomba kwa barua kabla na kuna tozo ya kila saa. Cha kufanya kabla ya kusaini mkataba wa pango someni kipengele cha saa za AC, sisi hatukukisoma. Nyie wenye AC za ukutani mna uhuru ambao hamuujui.

Mwana Magomeni

Mimi napingana kidogo na wote. Kwanini iwe usiku? Ofisini kwetu tunaosha asubuhi, chumba kimoja kwa siku, fundi anakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi anamaliza saa mbili, watu wanakuta sakafu kavu. Siku kumi na moja zimeisha zote. Fundi hana haraka, jua linachomoza anaangalia, na mchana yupo bado mjini akiitwa anarudi siku hiyo hiyo. Hii ya kuosha AC kumi usiku mmoja watu wawili ndo imewaletea balaa, hesabu mwenyewe, saa tatu gawanya kwa AC kumi, ni dakika 18 kila moja. Hamna sevisi hapo.

Fundi Gesi Temeke

Mwana Magomeni upo sahihi kabisa, ya ukutani ukiifungua vizuri ukatoa blowa (feni ya ndani) na trei ni saa moja mpaka saa moja na nusu na ya nje yake juu. Kwa siku nzima watu wawili, AC nne au tano zinatosha. Wazo lako la alfajiri ni zuri kama fundi anakaa karibu. Anayetoka Chanika atafikaje Posta saa kumi na mbili na nusu.

Jumamosi ndo naipenda kuliko zote. Unaanza saa mbili asubuhi unaosha, saa saba unaziwasha zote kwa pamoja jua likiwa utosini, milango mnaiacha wazi makusudi joto liingie, zikihimili hapo Jumatatu zitahimili. Na maduka ya spea Kariakoo yapo wazi, kapasita ikifa unatuma boda. Usiku kapasita ya elfu chache inakulaza na AC mbovu mpaka kesho.

Na kama kuna kuchomea bomba, hiyo isifanyike usiku bila msimamizi wa jengo. Moshi wa kuchomea unaamsha detekta, kengele inalia jengo zima, hakuna anayejua kuizima. Mtungi wa kuzimia moto uwe pembeni. Hizi mashine mpya za gesi aina ya R32, gesi yake inaweza kushika moto, fundi asikaribie na moto kabla hajaitoa yote. Na mkimuona fundi anajaza oksijeni kwenye bomba kutafuta leki mtoeni hapo hapo, oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, ni naitrojeni peke yake.

Bint Kisutu

Mrejesho wakuu. Nimechelewa sababu nilitaka nije na kitu kamili.

Kibandiko kilisomeka R410A na ni inveta. Nimechukua fundi mwingine na yule wa kwanza nikamwita pia, tukaelewana vizuri tu, akasema hajawahi kufanya na mizani, akakaa anaangalia. Jumamosi saa mbili asubuhi tumeanza. Funguo ya paa nilikabidhiwa Ijumaa kwa kusaini, walinzi wa zamu zote mbili niliwaambia mwenyewe kwa mdomo, boksi la breka limefungwa kufuli na funguo ikawa mfukoni kwa fundi.

Ile inayojikata walipoitoa gesi na kuipima ilikuwa imezidi gramu mia mbili na kitu juu ya iliyoandikwa. Walitafuta leki hawakuona hata moja. Wamevuta vakyumu, wamejaza kwa mizani, saa saba mchana tukafungua milango yote, haijajikata mpaka tunaondoka saa tisa.

Ya wahasibu sasa. Tumepima kwa jagi kama mlivyosema, dada wa usafi alikuwa chini uani bomba linapotokea, mimi nipo dirishani. Fundi anamimina, kimya. Jagi limefika nusu, dada anasema hamna kitu. Wakatoboa jipsamu nyuma ya AC ili kukagua, kumbe bomba la dreni lilipofungwa siku ya kwanza kabisa lilipandishwa juu kidogo, kama vidole vitatu hivi, alafu ndo likashuka. Maji yalikuwa yanalala pale miaka yote na uchafu unajazana. Wamelikata, wamelishusha kwa mteremko, tukamimina tena, tukasikia dada anapiga kelele kutoka uani "yametoka, yametoka mengi!" Jagi zima.

Saa zake nimeziandika na amelipwa pamoja na zile za Ijumaa ya kwanza, zangu zipo kwa bosi zinasubiri saini. Ya seva bado. Kijana wetu amesema bakapu inaanza saa tano usiku na kuisha saa tisa alfajiri, kwahiyo tumepanga Jumapili ijayo saa moja asubuhi, feni ya kukodi nimeshapata. Kijana wa Seva nitakutafuta siku hiyo, kipimajoto ulisema kikae mbele ya seva au nyuma?

Kijana wa Seva

Mbele dada, kule inakoingilia hewa, usawa wa kati ya kabati. Cha pili ukipata kiweke juu kabisa, joto linaanzia huko.